Spana Katika Barua

Juzi nilipeleka kadi za harusi ya mpwa wangu zikachapishwe kwenye duka dogo karibu na River Road. Nilipofungua mlango, harufu ya wino na mafuta ya taa ilinipokea kabla ya mtu yeyote kunisalimu. Wachapaji wa zamani walikuwa wakiosha rola za mashine kwa mafuta ya taa, na sikujua kwamba bado wapo wanaofanya hivyo. Msichana wa kaunta aliniuliza kama najisikia vibaya. Nikamwambia hapana, nimemkumbuka baba yangu tu. Hilo lilikuwa kweli, lakini nusu. Niliyemkumbuka zaidi alikuwa Baba Rosa.

Tuliishi Kangemi, wakati Kangemi ilikuwa bado na mashamba ya mahindi na ng'ombe waliofungwa kando ya njia. Ploti yetu ilikuwa na vyumba sita vya mabati vilivyotazamana, vitatu huku na vitatu kule. Sisi tulikaa upande wa bomba, na mlango wa pili kutoka kwetu, ng'ambo ya uwanja, ulikuwa wa Baba Rosa. Jina lake lilikuwa Josefu, lakini sikumbuki mama yangu akilitamka. Yeye na baba walitoka Magharibi, vijiji mbalimbali, wakajuana kanisani hapa hapa Nairobi. Baba ndiye aliyemwingiza kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa katika kiwanda cha uchapaji cha Bwana Salimu, mtu wa Mombasa, mpole, aliyezungumza Kiswahili ambacho sisi wa Kangemi tulikiona kama cha redioni. Kiwanda kilikuwa mjini, uchochoroni, karibu na msikiti, na kilichapa kalenda, vitabu vya risiti, kadi za harusi na vitabu vidogo vya madrasa. Juu ya mlango palikuwa na kibao chenye jina la mwenyewe, na chini yake maneno mawili ya Kiingereza, Printing Works, yaani kiwanda cha uchapaji. Siku za likizo mimi na Rosa tulipotumwa kuwapelekea baba zetu chakula, tulikisoma kile kibao kwa sauti kila mara, kama watu wanaobisha hodi. Kwangu mimi, works ilikuwa pale. Ndilo lilikuwa jina la mahali pale.

Baba na Baba Rosa walikuwa mafundi wa mashine. Walitoka nyumbani pamoja alfajiri na kurudi pamoja, kucha zao nyeusi sawa. Rosa na mimi tulikaa dawati moja, tukasoma kitabu kimoja. Mama yake alinisuka nywele kila Jumamosi, kwa sababu mama yangu hakuwa na subira na kichwa changu. Nilikaa katikati ya magoti ya Mama Rosa nikisikia harufu ya mafuta ya nazi na kitunguu mikononi mwake, na Rosa akikaa mbele yangu akinishikia kitana.

Mwaka ule Bwana Salimu alinunua mashine mpya kutoka Uingereza. Ilikuja ndani ya masanduku ya mbao, na baada yake akaja Mzungu wa kuifunga, mrefu, mikono imejaa madoadoa. Aliitwa Tomasi. Alikaa miezi miwili. Baba alisema ni Mzungu wa kwanza aliyemwona akilala chini ya mashine mwenyewe badala ya kumwonyesha mtu mwingine kwa kidole. Siku moja alikuja mpaka Kangemi, akakaa kwenye kigoda chetu, akanywa chai na kula mahindi ya kuchemsha, huku watoto wa ploti zote wakimtazama dirishani. Alipokuwa akiondoka aliahidi kwamba kampuni yake itamchukua fundi mmoja akasomee zile mashine huko zinakotengenezwa, kwa miezi minane.

Bwana Salimu alimchagua baba, kwa kuwa alimtangulia Baba Rosa kazini kwa mwaka mmoja. Nakumbuka jioni waliporudi na habari. Baba Rosa ndiye aliyeitangaza, amesimama katikati ya uwanja, mkono wake begani mwa baba.

"Huyu anaenda Ulaya," alisema. "Wacha aende kwanza. Akirudi atanifundisha mimi bure, na baridi ataiacha huko huko."

Kuanzia siku hiyo nyumba yetu ilikuwa ya safari. Mama alifuma sweta nzito ya kijivu. Kanisa lilimwombea baba mara mbili. Baba alianza kujifunza kula viazi kwa uma na kisu, na sisi watoto tulilazimishwa kutocheka, jambo ambalo hatukuliweza.

Kisha, wiki moja, mashine mpya ikasimama. Jino la gia lilikatika, na hakuna aliyejua kwa nini. Walihangaika nayo siku mbili. Wiki hiyo hiyo spana moja ya baba, namba kumi na tisa, ikapotea kwenye sanduku lake. Aliulizia, kila mtu akasema hajaiona, wakaendelea na kazi. Peke yake jambo hilo lisingekuwa kitu. Vifaa hupotea.

Barua ilikuja Jumamosi iliyofuata. Baba alirudi nayo saa tisa mchana, ameitia mfukoni mwa shati. Ilikuwa karatasi nyembamba ya buluu, ya kupeleka kwa ndege, na jina la baba lilikuwa juu yake, si la Bwana Salimu. Baba alisoma Biblia ya Kiswahili bila shida, lakini Kiingereza chake kiliishia kwenye maandishi ya mashine. Mimi nilikuwa darasa la tano na nilikuwa wa kwanza kwa Kiingereza. Alinawa mikono kwanza, akakaa, akanipa.

"Soma pole pole," alisema. "Neno moja moja."

Lazima niseme nilivyokuwa. Nilipenda kusomea watu wazima kuliko nilivyopenda kuelewa ninachosoma. Nilisimama wima kama niko mbele ya darasa.

"Rafiki yangu mpendwa. Natumaini wewe na jamaa yako mko salama. Nasikitika kukuambia kwamba safari yako haitakuwapo."

Baba alitikisa kichwa niendelee.

Sentensi iliyofuata naikumbuka hadi leo. Bwana Tomasi aliandika kwamba kila kitu kilikuwa tayari, lakini someone at the office has thrown a spanner in the works. Kwa mara ya kwanza katika barua ile hapakuwa na neno nisilolijua. Mtu, ofisi, kutupa. Spana nilikuwa nikiijua tangu sijaanza shule. Mimi ni binti wa fundi. Na works nilikuwa nikiisoma kila likizo juu ya mlango wa Bwana Salimu.

"Kila kitu kilikuwa tayari," nilisoma, "lakini mtu mmoja wa ofisini ametupa spana ndani ya kiwanda."

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Mtu gani?"

"Hajaandika jina."

"Na ni spana? Imeandikwa spana?"

"Ndiyo, baba. Ni spana. Hii hapa."

Nilimwonyesha kwa kidole. Akaitazama, ingawa sidhani aliweza kuisoma, kisha akatazama mikono yake.

"Ile namba kumi na tisa," alisema, si kwa kuniambia mimi.

Akaichukua barua mkononi mwangu, akaikunja, akaitia ndani ya Biblia. "Inatosha," alisema, akatoka nje.

Haikutosha. Karatasi ilikuwa na upande wa pili. Niliuona wino wa buluu ukipenya kutoka nyuma, mistari imebanana, maneno marefu yaliyoshikana mikia. Niliyaogopa. Baba aliponikatiza nilifurahi, kwa sababu sasa hatajua kwamba nisingeyaweza. Sikumwambia kuwa barua haijaisha.

Yaliyofuata niliyapata kwa mama baadaye. Jumatatu, Bwana Salimu alimwita baba akamwambia, "Fundi, ile safari imeahirishwa. Wenyewe wameandika. Usihuzunike." Baba alisikia alichokuwa tayari kukisikia. Alitoka kwenye kile chumba, akasimama mbele ya mashine, mbele ya wafanyakazi wote, akasema kuna mtu aliyetupa spana ndani ili gia ikatike na Wazungu waambiwe yeye si fundi. Halafu akamgeukia Baba Rosa na kumuuliza spana namba kumi na tisa iko wapi.

Baba Rosa alidhani ni mzaha. Akacheka. Hicho kicheko ndicho kilichoharibu.

"Unanicheka?" baba alisema. "Ulitaka uende wewe. Sema tu."

"Nani amekuambia hiyo maneno?"

"Iko kwa barua."

Bwana Salimu alitoka akataka aonyeshwe hiyo barua. Baba akakataa, akasema ni yake, imeandikwa jina lake. Bwana Salimu akasema basi bila ushahidi hakuna mtu atakayetuhumiwa katika kiwanda chake, kila mtu arudi kazini. Baba Rosa hakurudi. Alivua aproni yake, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mashine ambayo yeye na baba waliifunga pamoja, akatoka. Bwana Salimu alituma mtu mara mbili kumwita. Alikataa. Alisema hawezi kufanya kazi na mtu anayemtazama mikono.

Mwisho wa mwezi walihama. Shemeji yake alikuwa na kinu cha kusaga mahindi Kinoo, juu kwenye barabara ya Nakuru, akahitaji mtu wa kuangalia injini. Mkokoteni uliobeba kitanda chao ulipita mlangoni petu. Mama alitoka nje na kanga begani, akasimama. Mama Rosa alimpungia mkono. Rosa alinifuata bombani.

"Baba yako anasema baba yangu ni mtu mbaya," alisema.

"Ni barua ndiyo inasema."

"Uliisoma wewe?"

"Mimi."

Aliniamini. Nilikuwa wa kwanza kwa Kiingereza, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Jumamosi ile mama alinisuka mwenyewe, mistari ikaenda kombo.

Miaka miwili ilipita. Baba aliendelea na kazi, akienda peke yake na kurudi peke yake. Sweta ya kijivu alipewa mjomba. Jina la Baba Rosa halikutajwa nyumbani, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kumkumbuka kama mwanamume aliyefanya jambo ovu. Nilikuwa nimekwisha kumwona akilifanya: ameinama, anatazama huku na huku, spana inaondoka mkononi mwake. Nilimwona wazi kabisa.

Darasa la saba tulikuwa na mwalimu wa Kiingereza aliyeitwa Perisi, mama mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kimo chake. Mtihani ulikuwa unakaribia na misemo ya Kiingereza haikukosa kutokea. Asubuhi moja aliandika minne ubaoni, akasema yote inahusu kuharibu mipango. Wa kwanza ulikuwa kupindua mkokoteni wa matufaha. Tulicheka, maana hakuna kati yetu aliyewahi kuona tufaha isipokuwa kwenye picha ya herufi A. Wa pili, kutia kijiti kwenye gurudumu la mtu. Wa tatu, kumwagia jambo maji baridi. Wa nne ulikuwa ule wa spana, na nilikuwa nimeinua mkono kabla hajamaliza kuuandika.

"Neli," alisema. "Tupe sentensi."

Nikasimama na kusema, kwa Kiingereza kizuri, kwamba Bwana Josefu alitupa spana kiwandani, mashine ikavunjika na baba yangu hakusafiri.

Mwalimu Perisi alinitazama. "Aliitupa kwa mkono?"

"Ndiyo, mwalimu."

Darasa likacheka. Akalinyamazisha.

"Hapo hakuna spana, Neli. Hakuna kiwanda. Ni maneno tu. Mwingereza akiona mpango umeharibika ghafla, husema hivyo. Anaweza kuwa ni karani aliyekataa kutia sahihi. Inaweza kuwa mvua."

"Hata kama ni barua ya kazi ya mashine?"

"Hata hapo. Soma yanayofuata, utajua ameharibu nani, na vipi."

Nilikaa. Nakumbuka nilitazama chaki ikiendelea kuandika, nikanakili kila kitu, mwandiko wangu mzuri kama kawaida. Nilikaa na jambo lile siku nne. Siku ya tano nilimwambia mama, akiwa anachagua maharagwe uwanjani. Alisikiliza mpaka mwisho. Mikono yake ilisimama ndani ya ungo.

"Hiyo siwezi kukubebea," alisema. "Ulimsomea wewe. Nenda umsomee tena."

Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Nilimwambia baba karibu na mlango, nikiwa tayari kukimbia. Hakunipiga. Alisema tu, "Lete Biblia."

Barua ilikuwa palepale, imekuwa alama ya ukurasa. Nilileta kamusi ya shule. Tulikaa mezani saa nzima, na nilipokuta neno nisilolijua nilisema silijui, nikalitafuta. Ofisi haikuwa ya Bwana Salimu. Ilikuwa ofisi yao kuu huko Uingereza, ambako mkubwa mpya alikuwa amefuta mafunzo yote ya mafundi wa nje. Kisha nikageuza karatasi.

Upande wa pili Bwana Tomasi aliandika kwamba amegombana na mkubwa huyo, na kwamba baba asidhani kosa ni lake. Aliandika kwamba katika nchi zote alizofunga mashine hajapata watu wawili kama baba na Josefu. Mwaka unaofuata angejaribu tena, na safari hiyo angeomba waende wote wawili. Alimwomba baba amwandikie kabla ya Krismasi, amwambie kama wanakubali.

Krismasi mbili zilikuwa zimeshapita.

"Wote wawili?" baba aliuliza.

"Ndiyo."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Aliinuka, akavaa koti lake la kanisani ambalo alikuwa amelivua muda mfupi uliopita, akaniambia nivae viatu.

Tulikwenda kwa miguu. Tulipanda kupitia Uthiru, malori yakitupita kwenda Nakuru, na njia nzima baba alisema neno moja tu, la kuniambia nitembee ndani ya majani, mbali na lami. Kinoo ilikuwa safu ya maduka kando ya barabara, na kinu kilisikika kabla hakijaonekana. Wanawake walikuwa kwenye foleni na madebe yao. Ndani, Baba Rosa alikuwa mweupe wa unga mpaka kope.

Alimwona baba, akatazama injini, akamtazama tena. Akaizima. Wanawake wakaanza kulalamika.

"Ngojeni kidogo," aliwaambia. "Nina mgeni."

Baba hakukaa. Alisema, "Nimekuja kukuambia nilikukosea. Ile barua haikusema hivyo. Ni msemo wa Wazungu tu. Hakuna mtu alitupa kitu."

"Nani alikusomea?"

Baba aliweka mkono juu ya kichwa changu.

"Mtoto alisoma vile alijua. Mimi ndiye niliifunga kabla haijaisha." Akaendelea kwa sauti ya chini zaidi. "Na kuna ingine. Ile spana ilipatikana mwaka jana. Ilikuwa chini ya mashine ya kukata karatasi. Ilianguka tu. Nikaiweka kwa sanduku, nikanyamaza."

Hiyo ndiyo iliyokuwa mara yangu ya kwanza kulisikia hilo.

"Mwaka jana," Baba Rosa alisema.

"Mwaka jana."

"Na hukuja."

"Niliona haya."

Baba Rosa alijifuta uso kwa kiganja, unga ukabaki mistari. Aliomba asomewe barua. Nikamsomea yote, pande zote mbili, mbele ya wanawake wa foleni. Nilipofika kwenye watu wawili, baba na Josefu, aliinua mkono nisimame kidogo. Alitazama barabarani kwa muda.

"Tungekwenda," alisema. Kisha akaita nyuma ya kinu, "Mama Rosa! Kuna wageni. Weka chai."

Jioni ile waliniamuru niandike barua kwa Bwana Tomasi, wao wakisema na mimi nikiandika, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu, limeandikwa kwa taipu na mtu tusiyemjua: Bwana Tomasi ameacha kazi, na anwani yake hawana. Hakuna aliyekwenda popote. Baba Rosa hakurudi kwa Bwana Salimu, ingawa aliitwa. Baadaye alikinunua kile kinu. Lakini kila Jumapili ya pili, kwa miaka yote iliyobaki, mmoja wao alimtembelea mwenzake, na alipougua baba, Baba Rosa ndiye aliyekuwa akimnyoa ndevu hospitalini.

Siku ile ya Kinoo, watu wazima walipokuwa wanakunywa chai, nilitoka nyuma ya kinu kumtafuta Rosa. Alikuwa anachota unga kwenye debe, amekuwa mrefu kunishinda. Alikuwa amesikia kila kitu kupitia ukuta wa mabati. Nilimsalimu. Nikamwambia pole. Alinisikiliza bila kuacha kuchota, kisha akaniuliza swali ambalo si baba, si mama, wala baba yake aliyekuwa ameniuliza.

"Siku ile ulipomsomea, ulijua kuna upande wa pili?"

Ningeweza kusema sikujua. Nilikuwa mtoto wa darasa la tano, na hakuna ambaye angenibishia.

"Nilijua," nilisema.

Rosa alijaza debe, akalitikisa unga ukae, akalipandisha kichwani bila kuomba nimsaidie, akaingia ndani.